Lengo la Mkulima wa Sagalla

Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa Marekani, Abraham Maslow, alieleza kwamba mahitaji ya binadamu yana madaraja: chakula na maji, kisha usalama, kisha upendo na kuwa miongoni mwa watu, kisha heshima, na juu kabisa kukitimiza kile mtu alichojaliwa. Washauri wengi wa maisha wamelifanya wazo hilo kuwa ngazi ya mbao, kwamba hukanyagi kipago cha pili kabla hujamaliza cha kwanza. Mtu wa Voi akipanga maisha yake hivyo atakwama, kwa sababu hapa chakula chenyewe hakipatikani bila usalama.

Chukua mfano wa Sagalla, mlima ulio kusini mwa mji wa Voi. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta, na mashamba ya Sagalla ya chini yanapakana na Tsavo Mashariki. Mahindi na pojo zikikaribia kukomaa, tembo huingia usiku, na kazi ya msimu mzima huweza kuisha kabla ya alfajiri. Mkulima wa huko anayejiwekea lengo la kuvuna magunia mengi zaidi, akaongeza mbegu na mbolea, amelenga daraja la chakula ilhali pengo lake liko kwenye usalama. Swali la kwanza, basi, ni hili: ni hitaji gani ambalo lisipotimizwa, mengine yote huporomoka?

Katika vijiji vya Mwakoma na Mwambiti baadhi ya wakulima wamelijibu kwa nyuki. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye anageuka. Utafiti wa shirika la Save the Elephants uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mavuno uzio huo ulizuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Hapo usalama umelinda chakula, asali imeleta fedha, na mtu ambaye jana alikesha akipiga debe kufukuza tembo ana ujuzi ambao jirani anakuja kuuliza. Lengo moja limegusa madaraja matatu, na kwangu hicho ndicho kipimo cha lengo zuri.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa hawezi kufikiria heshima. Ushahidi hauwaungi mkono. Louis Tay na Ed Diener walichunguza takwimu za watu wa nchi 123, wakachapisha matokeo mwaka 2011: mahitaji hayo yanapatikana kila mahali, lakini watu hupata furaha ya urafiki na heshima hata pale ambapo chakula na usalama havijatosha. Maslow mwenyewe aliandika kwamba mpangilio wake si mgumu kama watu wanavyodhani. Mama anayeweka akiba kidogo kwenye chama kila wiki huku akidaiwa karo hajaruka daraja. Wale wanachama wenzake ndio atakaowakimbilia mvua ikikosa.

Na mvua hukosa. Ukame wa mwaka 2017 uliwahamisha nyuki wa Sagalla. Mizinga yenye nyuki ilipungua kwa asilimia 75, na ilichukua zaidi ya miaka mitatu hali kutengemaa. Kwa hiyo lengo lililoegemea mizinga peke yake lina kasoro, na anayelipanga anapaswa kuandika mapema atafanya nini nyuki wakihama: tangi la kuvuna maji ya mvua, mbuzi wachache, au kibarua mjini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mambo haya si ya mtu binafsi. Maji ya chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, yamepelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, huku wakazi wa kaunti hii wakilalamikia uhaba wa maji. Ni haki yao, na hakuna daftari la malengo litakalolaza bomba jingine. Lakini kudai pia ni lengo, lenye tarehe na hatua zake: kuhudhuria kikao cha bajeti ya kaunti, kujaza fomu ya fidia mara tu shamba linapoharibiwa, kwenda na wanakijiji wengine wala si peke yako. Mkulima wa Sagalla anahitaji daftari lenye kurasa mbili, moja ya mizinga na nyingine ya madai, na ya pili isiachwe tupu kwa sababu ya kwanza imejaa.