Mashine Ikikukatalia, Ikwambie Sababu

Mwezi uliopita niliomba mkopo kwa simu. Kufumba na kufumbua nikajibiwa: ombi limekataliwa. Nikapiga kuuliza sababu. "Ni mfumo tu, kaka," akasema mhudumu. Naye pia hajui.

Tatizo hili ndilo analopigana nalo Profesa Cynthia Rudin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2019 aliwaasa wataalamu wenzake: kwa maamuzi mazito, acheni kutafuta maelezo ya mashine zisizoeleweka, tengenezeni zinazoeleweka tangu mwanzo.

Wengi hudhani akili bandia ikieleweka huwa dhaifu. Basi tazama Florida, ambako mahakama zilitumia COMPAS, programu yenye hesabu za siri, kukisia nani atarudia uhalifu. Rudin na wenzake walichukua kumbukumbu za washtakiwa wa huko, wakapata kanuni chache tu za "ikiwa hivi, basi vile", zenye kutazama umri, jinsia na makosa ya nyuma. Usahihi wake ulikaribiana na wa COMPAS. Tofauti ni kwamba kanuni hizo zaandikika kwenye kikaratasi; zikiwa na dhulma, utaiona na kuipinga.

Hapa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 chakupa haki ya kuomba uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee uangaliwe upya. Lakini utapinga vipi usichokijua?

Kadhi akikata kesi, hutoa sababu. Mashine nayo itoe.