Iten, mji wa ukingoni

Anayetoka Malaba kupitia Eldoret kufuata maembe ya Kerio hupita Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ardhi hukatika ghafla. Bonde liko chini zaidi ya mita 1,000, na wasafiri wengi husimama kupiga picha.

Genge hilo halikuchongwa na mto. Miaka milioni 12 hivi iliyopita lava ilitanda Uasin Gishu, ikapoa kuwa fonolaiti, jiwe gumu la kijivu. Ardhi ilipozidi kuvutana ilipasuka. Upande wa Kerio ukazama, Iten ikabaki juu. Chini ya kofia hiyo ya lava kuna miamba yenye zaidi ya miaka milioni 500, iliyochakaa na kufunikwa udongo unaoshikiliwa na mizizi ya miti.

Miti ikikatwa, mvua za masika huuteremsha. Aprili 2020, huko Chesegon, kaskazini mwa miinuko hiyohiyo, maporomoko yaliua watu na kufagia kituo cha biashara. Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku kucha, mwenye lori la maembe huulizia kwanza hali ya barabara ya Tambach, ndipo ateremke.