Bingwa Aliyepiga Magoti Ulingoni

Msomaji mpenzi, waulize vijana wa kijijini kwako habari za mabingwa wa ngumi. Watakutajia Muhammad Ali mara moja. Floyd Patterson hawamjui, naye alikuwa Mkatoliki mwenzetu!

Mmarekani huyu mweusi alizaliwa mwaka 1935, mtoto wa maskini. Utotoni alikuwa mwizi na mtoro, hata akapelekwa shule ya watoto watukutu. Huko alitengenezeka. Mwaka 1956, akiwa na miaka 21 tu, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Lakini mwaka 1959 Mswidi Ingemar Johansson alimwangusha mara saba katika raundi moja, akamnyang'anya ubingwa. Aibu iliyoje! Tena mpaka siku zile hapakuwa na bingwa wa uzito huo aliyepata kupoteza taji akalirudisha.

Walikutana tena Juni 1960. Katika raundi ya tano Patterson alimpiga mwenzake ngumi ya kushoto. Johansson akaanguka chali, damu kinywani, mguu ukitetemeka. Taji limerudi! Uwanja mzima unapiga kelele. Je, msomaji, wewe ungefanya nini? Patterson alipiga magoti karibu na mtu yule aliyemwaibisha, akamshika mikononi.

Baadaye, mwaka 1962, Sonny Liston alimshinda Patterson katika raundi ya kwanza, na wengi wakamsahau. Johansson hakumsahau. Wazee hao wawili walikuwa wakivuka bahari kutembeleana, na hata walikimbia marathoni pamoja.