Damu ya Mbwa wa Zamu Inasema Nini?

Mlinzi wa usiku kiwandani au katika shamba la chai mara nyingi hushika zamu pamoja na mbwa. Mbwa huyo akizubaa, akakataa chakula na mwili ukawa wa moto, daktari wa mifugo humtoa damu, kisha huleta karatasi iliyojaa tarakimu. Tumeona inafaa kuieleza karatasi hiyo, maana anayekesha na mbwa ni mlinzi, si meneja.

Kwanza huhesabiwa chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Mbwa mwenye afya huwa nazo kama 6,000 hadi 17,000 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Vijidudu vikiingia, hesabu hupanda. Lakini mwenye kusoma hesabu peke yake hudanganyika: mbwa aliyetishwa, au aliyepewa dawa za aina ya kotisoni, huongezeka chembe bila ya kuambukizwa. Tena hesabu ikishuka si heri. Ugonjwa wa parvo, uliotapakaa duniani tangu 1978, hushambulia matumbo na uboho wa mtoto wa mbwa mpaka askari wakamwishia. Ndiyo sababu mpimaji hutazama kwa darubini kama kuna chembe changa, zilizotoka katika uboho kabla ya kukomaa. Zikizidi zile zilizokomaa, vita ni vikali, na mwili umeanza kupeleka vijana wasiofuzu.

Kipimo kingine ni protini inayoandikwa kwa herufi CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na William Tillett na Thomas Francis, katika damu ya watu wenye kichomi. Hutengenezwa na ini. Kwa mbwa mwenye afya huwa kidogo, kwa kawaida chini ya miligramu 10 katika lita. Akipata ambukizo au uvimbe wa ndani hupanda katika muda wa saa chache, hata kupita 100, na dawa ikifanya kazi hushuka upesi. Kwa hiyo kupima mara mbili kuna faida kuliko mara moja. (Kwa paka kipimo hiki hakifai.)

Hata hivyo CRP hupiga kengele tu, haimtaji adui. Hupanda kwa jipu, kwa kupasuliwa, kwa homa ya kupe, hata kwa saratani. Homa ya kupe mara nyingi ina alama yake zaidi: chembe za kugandisha damu hupungua, na mbwa huweza kutokwa damu puani.

Sasa lililo zito. Mbwa akimwuma mfanyakazi, asikubali kuambiwa kwamba damu ya mbwa imepimwa na ni safi. Kichaa cha mbwa hakijulikani kwa chembe nyeupe wala kwa CRP. Virusi vyake husafiri katika mishipa ya fahamu, na hakika hupatikana kwa kupima ubongo, mbwa akiisha kufa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano za kinga, asingoje dalili. Mbwa aliye hai afungwe na kuangaliwa siku 10. Na aliyeumwa akiwa zamuni ahakikishe jeraha limeandikwa kuwa la kazini, na mjumbe wa chama apewe habari.