Pumba za Mpunga Katika Injini ya Dizeli

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche: hewa inayovutwa ndani ya silinda hugandamizwa na pistoni mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta mara tu yanapopulizwa na nozeli. Gesi itokanayo na mabaki ya mazao haijiwashi kwa mgandamizo huo, hivyo haiwezi kuiendesha injini hiyo peke yake; lakini ikiingizwa pamoja na hewa, na dizeli kidogo ikaendelea kupulizwa ili kuiwasha, kazi hufanyika bila injini kufumuliwa. Hata kipimo cha dizeli hujirekebisha chenyewe, kwa kuwa gavana, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, hupunguza mafuta kila nguvu ya gesi inapotaka kuongeza kasi. Mtambo ulioungwa vizuri huweza kuokoa hadi robo tatu ya dizeli.

Gesi yenyewe hutoka katika tanuri lililofungwa, ambamo pumba, magunzi au vifuu huunguzwa kwa hewa pungufu kuliko inayohitajika kwa moto kamili. Sehemu ya mabaki huungua na kutoa joto linaloweza kuzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, na joto hilo huvunjavunja sehemu iliyobaki kuwa kaboni monoksidi, haidrojeni na methani kidogo. Takribani nusu ya gesi hiyo ni naitrojeni iliyoingia na hewa, isiyowaka kabisa, ndiyo maana mita moja ya ujazo hubeba megajuli zipatazo 5 tu, kama sehemu moja ya saba ya gesi asilia. Upungufu huo unatisha zaidi kwenye karatasi kuliko ndani ya silinda: gesi dhaifu huhitaji hewa kidogo ili iungue, hivyo injini hupoteza labda robo ya nguvu zake, si zaidi sana.

Nchini Kambodia, ambako umeme wa gridi ulichelewa kufika vijijini na dizeli ilikuwa ghali, wenye mashine za kukoboa mpunga waliagiza mitambo ya aina hii kutoka India tangu miaka ya 2000. Hesabu yao ilieleweka upesi, kwani tani moja ya mpunga huacha kilo zipatazo 200 za pumba, zinazotosha kuzalisha yuniti 100 hivi za umeme, ambazo ni zaidi ya zinazohitajika kuikoboa tani hiyo, na pumba zenyewe tayari zimerundikana uani.

Tatizo halikuwa injini bali usafi wa gesi. Gesi hutoka tanurini ikiwa na vumbi na lami, yaani mvuke mzito unaoganda kwenye vali mara unapopoa, na kwa hiyo huoshwa kwa maji kabla ya kuchujwa. Maji hayo hubaki meusi, yenye sumu, na yakimwagwa hovyo uchafu huwa umehamishwa tu kutoka kwenye injini hadi kwenye mtaro. Pumba nazo huacha majivu yapatayo sehemu moja ya tano ya uzito wake, karibu yote silika, ambayo joto likipita kiasi huyeyuka na kuziba tanuri. Zaidi ya hayo, kaboni monoksidi haina harufu na huua, kwa hiyo banda la mtambo lisilopitisha hewa ni hatari hata pale ambapo kila kitu kinaonekana kwenda sawa.

Sifa kubwa ya mfumo huu, kwamba gesi ikikatika injini hurudi kwenye dizeli bila kuzimika, ni udhaifu wake pia, maana fundi aliyechoka kusafisha vichujio hufunga vali ya gesi na kazi ikaendelea, huku tajiri akigundua habari hiyo kwenye bili ya mafuta. Kwa mikoa ya Tanzania kama Mbeya au Shinyanga, ambako pumba nyingi huishia kuchoma matofali, mashine iliyokwisha kuunganishwa na gridi haina dizeli ya kuokoa. Hesabu ya Kambodia inahusu zaidi mashine na pampu za umwagiliaji zilizo mbali na nguzo za umeme, mradi pumba zisisafirishwe mbali, kwani ni nyepesi mno na lori hujaa kabla ya kubeba uzito wa maana.