Rwigyema: Jenerali aliyeuawa siku moja baada ya kurudi nyumbani

UKITOKA Kabeza kwa pikipiki kuelekea Remera, safari haichukui muda mrefu. Unaiacha nyuma njia ya uwanja wa ndege wa Kanombe, unapita watu na bidhaa zao, na kabla hujamaliza kufikiria bei ya mchele umeshafika karibu na Uwanja wa Amahoro. Hapo jirani ndipo yalipo makaburi ya mashujaa wa taifa. Kila Februari mosi, Siku ya Mashujaa, maua huwekwa hapo.

Mmoja wa waliolala hapo ni Meja Jenerali Fred Gisa Rwigyema, ambaye Wanyarwanda wengi humwandika Rwigema. Yeye pamoja na Askari Asiyejulikana wamewekwa katika daraja la juu kabisa la ushujaa, linaloitwa Imanzi.

Kwa msomaji aliyezaliwa Uganda, Tanzania, Burundi au Kongo na kurejea baada ya mwaka 1994, jina hilo si geni. Kwa mfanyabiashara anayevusha mzigo Kagitumba, historia yake imepita palepale anapogongewa muhuri.

Mtoto wa kambini

Rwigyema alizaliwa Aprili 10, 1957 katika eneo la Gitarama na kupewa jina la Emmanuel Gisa. Machafuko yaliyoanza mwaka 1959 yaliwafukuza Watutsi wengi nchini. Mwaka 1960 wazazi wake walikimbilia Uganda, wakaishia katika kambi ya Nshungerezi, Ankole. Wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi.

Mwaka 1976, baada ya masomo ya sekondari, alikwenda Tanzania na kujiunga na FRONASA, kundi la Yoweri Museveni lililokuwa likipambana na utawala wa Idi Amin. Ndipo alipoanza kutumia jina la Fred Rwigyema. Kutoka huko alipelekwa Msumbiji, ambako FRELIMO ilikuwa imeshika nchi mwaka mmoja tu uliotangulia, akapata mafunzo ya kijeshi.

Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979 katika Vita vya Kagera, alikuwamo miongoni mwa wapiganaji wa Uganda waliokwenda bega kwa bega na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Museveni alipoingia msituni Februari 1981 kuupinga utawala wa Obote, Rwigyema alikuwa naye tangu mwanzo, na Paul Kagame pia.

Ikumbukwe kwamba lugha ya amri katika jeshi hilo la NRA ilikuwa Kiswahili. Mnyankole, Mganda na Mnyarwanda walielewana kwa lugha hiyo hiyo inayotumika leo kupatana bei mpakani. Maneno kama afande na kadogo yalivuka mpaka pamoja na wapiganaji.

Waliokwama kati ya nchi mbili

Kwa nini kijana mkimbizi apigane vita vya nchi ya watu? Sehemu ya jibu ipo mwaka 1982. Oktoba mwaka huo, viongozi wa maeneo ya Ankole na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa. Maelfu walikimbilia Rwanda, na Novemba serikali ya Kigali ikafunga mpaka. Wapo waliokwama Mirama Hills, ng'ambo ya Kagitumba, nyuma hawatakiwi na mbele hawapokelewi.

Vijana wengi waliona heri msitu kuliko kambi. Kampala ilipotekwa Januari 26, 1986, wapiganaji wenye asili ya Rwanda walihesabika kwa maelfu. Rwigyema akapanda hadi kuwa Meja Jenerali na Naibu Waziri wa Ulinzi, akapigana pia na waasi wa kaskazini mwa Uganda.

Lakini cheo hakikumfuta ugeni. Manung'uniko yalizidi kwamba Wanyarwanda wamepewa mno, na mwaka 1989 akaondolewa katika wadhifa wake. Huku nyuma, serikali ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa imeshatamka mwaka 1986 kwamba Rwanda ni ndogo mno kuwapokea wakimbizi wote. Desemba 1987 wakimbizi walikuwa wameunda RPF. Mlango wa uraia Uganda ukionekana kufungwa, na wa Rwanda haujafunguliwa, waliamua kuusukuma wa pili.

Siku mbili za Oktoba

Jumatatu, Oktoba 1, 1990, Museveni na Habyarimana walikuwa wote New York, walikokwenda kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto. Siku hiyo wapiganaji waliotoroka NRA walikishambulia kituo cha Kagitumba. Waling'oa alama za jeshi la Uganda katika sare zao, wakavuka. Aliyewaongoza ni Rwigyema.

Kesho yake, Oktoba 2, aliuawa katika kilima cha Nyabwishongwezi, eneo la Matimba. Alikuwa na umri wa miaka 33. Maelezo rasmi ni kwamba alipigwa risasi na adui. Wapo waandishi wa historia waliodai kwamba kulikuwa na mabishano kati ya makamanda, na mjadala huo haujawahi kwisha.

Kifo chake kilifichwa kwa muda ili askari wasivunjike moyo. Kabla Oktoba haijaisha, makamanda wenzake Peter Bayingana na Chris Bunyenyezi nao walikuwa wamekufa. Kagame, aliyekuwa masomoni Fort Leavenworth nchini Marekani, alirudi kushika jeshi lililosambaratika, akalipeleka kwenye milima ya Virunga. Januari 1991 likaingia Ruhengeri. Mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 4, 1993. Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na Kigali ikatekwa Julai 4.

Karne ya 20 ilikuwa na majenerali wengi waliopigana kwa jina la taifa. Chiang Kai-shek wa China alitawala nchi kubwa, akapambana na Wajapani na Wakomunisti, akakimbilia Taiwan mwaka 1949. Alifariki huko mwaka 1975 bila kurudi bara. Yeye alianza na nchi, akaishia ugenini. Rwigyema alianza ugenini, na nchi yake aliikanyaga kama mpiganaji kwa siku moja tu.

Mpaka uleule

Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa zamani walirejea baada ya mwaka 1994. Mwaka 2007 Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi.

Hata hivyo, mpaka una tabia yake. Kuanzia Februari 2019 hadi mapema 2022, uhusiano wa Kigali na Kampala ulipoharibika, Wanyarwanda walizuiwa kuvuka kwenda Uganda. Wafanyabiashara walipoteza wateja, na ndugu walizikwa upande mmoja huku wengine wakilia upande wa pili. Wenye umri mkubwa walikumbuka Mirama Hills ya mwaka 1982.

Pengine hilo ndilo kaburi la Remera linalotukumbusha. Tunamtaja Rwigyema kwa bunduki yake, lakini swali lililompeleka Kagitumba halikuwa la bunduki. Lilikuwa swali la mtoto wa kambini: mimi ni wa wapi, na nani atanifungulia? Anayerudi Kabeza jioni na mzigo wake kutoka mpakani, kitambulisho kikiwa mfukoni, ana jibu ambalo Rwigyema hakuwahi kulishika mkononi. Jibu hilo halifai kuchukuliwa kuwa jambo dogo, wala kunyimwa mwingine anayebisha hodi leo.