Kichwa cha Gitaa: Chora Kwanza, Kata Baadaye

Wapiga nanga wa Buhaya hawahitaji funguo za kukazia nyuzi. Nanga ni ubao uliochongwa kama hori. Kamba moja ndefu hupitishwa huku na huku kwenye meno ya ncha zote mbili, mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji akitaka kurekebisha sauti, huivuta kamba palepale kwenye meno.

Gitaa ni jambo jingine. Gitaa lina nyuzi sita, na kila uzi una ufunguo wake. Funguo hizo hukaa mwisho wa shingo, mahali panapoitwa kichwa.

Seremala wa Kashozi anayeweza kutengeneza kitanda imara anaweza pia kutengeneza gitaa. Lakini mafundi wengi hutumia siku nyingi kwenye tumbo la gitaa, na kichwa hukikata kwa kukisia. Basi gitaa likipigwa nyimbo mbili tu, sauti inaharibika. Kijana hulaumu nyuzi. Huuza kahawa kidogo, ananunua nyuzi mpya, na sauti inaharibika tena. Kwaya inamsubiri, naye anakaza na kulegeza.

Je, sababu ni nini? Kati ya shingo na kichwa kuna kipande kidogo chenye mifereji sita. Hapa tutakiita kizingiti. Mfupa wa ng'ombe uliokauka unafaa sana kwa kazi hiyo. Kila uzi hupita kwenye mfereji wake kwenda kwenye ufunguo. Uzi ukipinda hapo kwenda kando, hukwama. Ni kama kamba ya mbuzi iliyozungukia mgomba. Unavuta, haisogei, unavuta tena, inaponyoka kwa ghafla. Uzi nao hufanya hivyo, na sauti hupanda au kushuka bila wewe kutaka.

Kwa hiyo uzi uende moja kwa moja kutoka kizingiti mpaka ufunguo. Kuna vichwa vinavyopanuka juu kama mkia wa samaki, funguo tatu kila upande. Vinapendeza kutazama, lakini nyuzi za katikati hupinda sana kwenda nje. Kwa fundi anayeanza, mimi napendelea funguo zote sita upande mmoja. Mtindo huo si mgeni. C. F. Martin, fundi aliyehamia Marekani mwaka 1833, alitengeneza magitaa ya namna hiyo. Leo Fender naye aliutumia kwenye magitaa yake ya umeme kuanzia mwaka 1950.

Chukua karatasi, rula na penseli. Chora kizingiti chenye upana wa milimita 43. Acha milimita 4 kila upande, kisha weka alama sita za nyuzi. Kutoka alama moja hadi nyingine ni milimita 7. Kutoka kila alama chora mstari ulionyooka kwenda juu. Uzi mnene uwe kushoto kwako.

Sasa weka matundu. Tundu la uzi mnene liwe sentimita 4 kutoka kizingiti. Tundu la pili lipande sentimita 2.5 na lisogee kulia milimita 7. Endelea hivyo mpaka la sita. Matundu yatafuata mstari wa mshazari, na vidole vitapata nafasi ya kuzungusha kila ufunguo. Ukingo wa kushoto wa kichwa ufuate mshazari huohuo. Umbali kati ya ukingo na matundu utaupata kwa kupima funguo zenyewe, kwa sababu za duka hazilingani zote.

Hapa wengi hukosea: tundu lisiwe juu ya mstari wa uzi. Uzi huzunguka ubavuni mwa nguzo ya ufunguo, upande wa ndani. Basi sogeza matundu yote kushoto kwa nusu ya unene wa nguzo. Nguzo ikiwa na milimita 6, sogeza milimita 3.

Kichwa pia kilale nyuma kidogo, ili nyuzi zikandamize kizingiti. Katika kila sentimita 10 za urefu, kishuke kama sentimita 2. Usikichonge kichwa hicho pamoja na shingo kutoka ubao mmoja ulionyooka. Mistari ya asili ya mbao itakatika pale shingoni, na gitaa likianguka litavunjika hapo. Kata ubao kwa mshazari, geuza kipande, paka gundi, ubane kwa jiriwa mpaka gundi ikauke kabisa. Kumbuka kwamba nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kama kilo 70. Huo ni uzito kuliko gunia la kahawa la kilo 60.

Mbao iwe kavu. Huku kwetu mvua ni nyingi, na mbao mbichi hujipinda. Muhumula hukua haraka, lakini mbao yake ni laini. Kwa kichwa tafuta mbao ngumu zaidi.

Asiye na fedha za funguo za duka anaweza kuchonga vigingi vya mbao, kama vya udi wa wapiga taarabu wa Zanzibar. Kigingi kiwe chembamba upande mmoja, na tundu lake vilevile, ili kikisukumwa kibane. Kikiteleza, kipake chaki. Kikikwama, kipake sabuni kavu.

Kabla ya kushika keekee, bandika karatasi yako kwenye kipande cha ubao usio na kazi. Piga misumari sita mahali pa matundu. Funga uzi wa kushonea kwenye kila msumari, uuvute mpaka alama yake ya kizingiti. Uzi ukigusa msumari wa jirani, futa mchoro uchore tena.